Haki ya Kivuli

Kila Mtanzania aliyepita katika shule zetu anaujua mchakamchaka. Kabla jua halijachomoza kengele imekwisha kulia, wanafunzi wamekwisha kujipanga, na mguu unaitikia wimbo mpaka kijiji kizima kinajua kuwa shule imeamka. Sitaki nieleweke kuwa nausema vibaya mchakamchaka. Umetufunza kwenda pamoja, umetufunza kutoona haya kutokwa jasho mbele ya watu, na yamkini baadhi ya miguu iliyokuja kulitangaza jina la taifa hili katika viwanja vya dunia ilianzia hapo. Lakini nyuma ya desturi hii njema imejificha imani moja ambayo ndiyo ninayokusudia kuipiga vita katika kurasa hizi: imani kwamba mkimbiaji hujengwa kwa kukimbizwa tu; kwamba akikimbizwa leo, na kesho, na keshokutwa, asubuhi na jioni, mpaka atapike, basi atakuwa bingwa; na kwamba yule anayeomba kupumzika ni mvivu, ni mtegaji, na pengine ni msaliti wa timu.

Imani hiyo ni ya uongo. Kwamba ni ya kikatili pia, ni kweli, lakini ukatili wake siuhitaji katika hoja yangu. Hata angekuwapo mwalimu asiyejali machozi ya mtoto hata kidogo, akajali medali peke yake, bado angekuwa anaitafuta medali hiyo mahali isipokuwapo.

Wanaoitetea imani hii wana hoja mbili, nazo ni ndugu wa tumbo moja ingawa moja ilizaliwa Ulaya na nyingine humu humu kwetu. Ya kwanza ni ile ya damu na milima. Mwaka 1968, Kipchoge Keino wa Kenya alipomshinda Jim Ryun wa Marekani katika mita 1500 mjini Mexico City, mji ulioko kiasi cha mita 2240 juu ya usawa wa bahari, wengi huko Magharibi walijiliwaza kwa kusema kwamba ni hewa ya mlimani iliyoshinda. Mwafrika, walisema, amezaliwa hivyo. Hukimbia kama swala anavyokimbia, bila kufikiri. Kisha tarehe 2 Februari 1974 kijana wa Karatu, Filbert Bayi, akasimama katika uwanja wa Christchurch, New Zealand, mji ulioko karibu na usawa wa bahari, akaongoza mita 1500 tangu mlio wa bastola hadi utepe wa mwisho, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Nyuma yake alikuwapo John Walker, mwenyeji, ambaye naye siku hiyo alikimbia chini ya rekodi ya zamani. Je, mlima ulisafiri na Bayi? Wako watu maelfu kwa maelfu waliozaliwa katika nyanda zile zile za Mbulu na Karatu wakavuta hewa ile ile. Bolivia na Nepal zina milima mirefu kuliko yetu, na watu wanaishi juu yake, lakini hazijatoa bingwa wa dunia wa mbio ndefu. Mlima unasaidia, nami nitaeleza punde unavyosaidia. Lakini anayeutaja mlima na kunyamaza amemnyang'anya Bayi akili yake, mazoezi yake na nidhamu yake ya miaka mingi, akamwachia mapafu tu.

Hoja ya pili ni ya fimbo. Huyu haamini damu, anaamini jasho. Kwake siku ya mapumziko ni siku iliyoibwa. Ukimtazama vizuri utaona kwamba amekubaliana na yule wa kwanza katika jambo kubwa kuliko yote: wote wawili wanasema hakuna haja ya kujua. Mmoja anasema mwili wa Mwafrika hauhitaji elimu kwa kuwa umejaliwa. Mwingine anasema hauhitaji elimu kwa kuwa unahitaji kuchapwa. Kasumba ni ile ile, imebadili kanzu.

Basi mwili unafanyaje kazi? Nitaanza na jaribio moja ambalo kila mwalimu wa michezo angepaswa kulijua kama anavyojua urefu wa uwanja wake. Mwaka 1966 madaktari wawili wa Sweden, Jonas Bergström na Eric Hultman, walichukua baiskeli moja isiyokwenda, mmoja akakaa upande huu na wa pili upande ule. Kila mmoja alikanyaga pedali kwa mguu mmoja tu, na ule mwingine akaupumzisha. Walikanyaga mpaka wakashindwa. Kisha wakajidunga sindano maalum katika mapaja yao wenyewe, wakatoa vipande vidogo vya msuli, wakavipima. (Nawaheshimu watu hawa, hawakumtuma mtu mwingine aumie kwa niaba yao.) Walikuta kwamba ule mguu uliofanya kazi umeishiwa na glaikojeni, yaani ile akiba ya wanga ambayo msuli huitumia kama taa inavyotumia mafuta. Baada ya hapo walipumzika siku tatu, wakila vyakula vya wanga kwa wingi, huku wakiendelea kujipima. Mguu ambao haukufanya kazi ulibaki karibu na kiasi chake cha kawaida. Ule uliofanya kazi ulijaza akiba yake, kisha ukapita kiasi, mpaka ukawa na karibu mara mbili ya mwenzake.

Tuzingatie jambo hili, maana ndani yake mna karibu sayansi yote ya mazoezi. Kazi ndiyo iliyouamsha mguu ule. Mguu uliokaa bure haukupata kitu. Lakini wakati wa kazi yenyewe mguu ule haukuongezeka nguvu hata chembe. Ulipungukiwa. Ongezeko lilikuja wakati wa kula na kulala. Mtu ambaye angeukamata mguu huo kesho yake alfajiri, kabla haujajaza akiba, akaukimbiza tena, na kesho kutwa tena, angepata nini? Angepata mguu uliopungukiwa mara tatu, angeuita mvivu, na angeuchapa.

Nao ni wanga wa aina gani? Ni ugali, wali, viazi, muhogo, ndizi. Wataalamu waliochunguza chakula cha wakimbiaji wa Kikalenjin wa Kenya, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2004, walikuta zaidi ya robo tatu ya nguvu waliyoipata kwa siku ilitokana na wanga, na ugali ukiwa miongoni mwa vyakula vyao vikuu. Kile ambacho watu wa Stockholm walikitafuta kwa sindano kimekuwa kikipakuliwa katika masufuria ya shule zetu miaka yote. Kinachokosekana ni kipimo na wakati: sahani ijae, na ije mapema baada ya mazoezi. Msuli ulioishiwa kabisa huhitaji takriban saa 24 za kula vizuri ili ujaze akiba yake.

Habari ya glaikojeni ndiyo habari ya msuli wenyewe, ambao nyuzi zake huchanika kidogo kidogo katika mbio kali na mbio za mteremko. Maumivu yale ya siku ya pili na ya tatu ndiyo alama ya mfumo huo wa kubomoa na kujenga. Bado wako walimu wanaofundisha kwamba ni asidi ya maziwa iliyoganda miguuni, na kwamba dawa yake ni kumkimbiza mtoto zaidi ili itoke. Asidi hiyo, ambayo haigandi, huondoka katika damu kwa muda wa saa moja hivi baada ya mbio, na mwili huitumia kama chakula. Mtoto anayechechemea siku ya pili hana sumu ya kutolewa. Ana nyumba inayojengwa, na fundi yumo ndani.

Mfupa nao huenda hivyo hivyo, ila polepole zaidi. Unapobebeshwa mzigo mpya, chembe za mwili kwanza huchimba na kuondoa sehemu zilizochoka, kisha nyingine huja kujaza mfupa mpya mahali pale. Kati ya kuchimba na kujaza hupita wiki nyingi, na katika wiki hizo mfupa ni dhaifu kuliko ulivyokuwa. Hapa sina budi kusema jambo ambalo sipendi kulisema.

Nimekuwa mwalimu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na zamani niliwahi kuongoza timu ya riadha ya shule moja ya bweni. Tulikuwa na kijana wa kidato cha pili aliyekimbia mita 5000 kwa namna iliyotufanya walimu tutazamane. Zikiwa zimebaki wiki tatu kabla ya mashindano ya mkoa alikuja kuniambia kwamba mfupa wa muundi unamuuma mahali pamoja, hata akiugusa kwa kidole. Nilimjibu kwa jina la John Stephen Akhwari. Nilimwambia kwamba Akhwari alimaliza mbio zake na goti limefungwa bendeji. Wewe una nini? Alirudi njiani, akakimbia. Alikimbia siku kumi nyingine. Siku ya kumi na moja hakuweza kuukanyaga mguu, na hospitalini walituonyesha picha ya ufa katika mfupa. Alipona baada ya miezi kadhaa, lakini hakukimbia tena, na sidhani alinichukia. Alinisalimu kila tulipokutana, shikamoo mwalimu, kwa adabu ile ile. Hilo ndilo linaloniumiza.

Nimelitaja jina la Akhwari, basi na tumsome vizuri, maana tumekuwa tukimsoma vibaya. Tarehe 20 Oktoba 1968 alianguka katika marathoni ya Mexico City, goti likaumia, akaendelea. Alifika wa mwisho kati ya watu 57 waliomaliza, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda, na wenzake 18 walikuwa wameacha njiani. Hakuna Mtanzania anayestahili kuikumbuka siku ile bila kusimama wima. Lakini ilikuwa siku ya mashindano yenyewe, mbele ya dunia, na aliyeamua ni yeye mwenyewe, mtu mzima, si mwalimu mwenye filimbi. Haikuwa Jumanne ya mazoezi. Tena kuna sehemu ya pili ya habari ile ambayo hatuisimulii shuleni: mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Akhwari alikuwa wa tano katika marathoni. Goti lile lilikuwa limepona. Taifa limeuchonga moyoni mguu wenye bendeji, likausahau mguu uliopona, na walimu kama mimi tukaitumia sanamu hiyo kuwavunja watoto.

Wapinzani wangu hawatakosa kunitajia Emil Zátopek wa Chekoslovakia, aliyeshinda mita 5000, mita 10,000 na marathoni katika Olimpiki moja, Helsinki 1952. Huyo, watasema, alikimbia mita 400 mara 40 kwa siku moja, na hakupumzika. Vema, lakini kati ya kila mita 400 alikwenda mita 200 za polepole, na zile za polepole zilikuwa sehemu ya mazoezi kama zile za kasi. Hata kabla yake, kule Freiburg, Ujerumani, mwalimu Waldemar Gerschler na daktari wa moyo Hans Reindell walikuwa wakipima jambo hili kwa saa. Mkimbiaji alikimbia kipande kifupi mpaka mapigo ya moyo yakafika 180 hivi kwa dakika, kisha alipewa muda wa kupumzika usiozidi sekunde 90 ili yashuke hadi 120. Yakishuka, anakimbia tena. Yasiposhuka, kazi ya siku hiyo imekwisha, nendeni nyumbani. Waliamini kwamba faida ya moyo inapatikana katika mapumziko yale. Baadhi ya nadharia yao imesahihishwa baadaye, lakini wazo la kuuliza mwili kabla ya kuuamrisha limebaki.

Na wale mabingwa wa leo ambao vijana wetu wanawatazama? Wataalamu waliopima saa za mazoezi za mabingwa wa mbio, wa baiskeli, wa makasia na wa kuteleza juu ya theluji wamekuta kwamba takriban sehemu nne kwa tano za mazoezi yao ni za polepole, mwendo ambao mtu anaweza kuzungumza na mwenzake. Eliud Kipchoge, ambaye tarehe 12 Oktoba 2019 alikimbia urefu wa marathoni mjini Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 (halikuhesabiwa kuwa rekodi, kwa namna jaribio lile lilivyoandaliwa), amejulikana kambini Kaptagat kwa mambo mawili ambayo mwalimu wetu wa fimbo angemfukuzia timu: siku za pole hukimbia pole kweli kweli, na mchana hulala.

Nirudi kwenye mlima. Mahali penye hewa hafifu, figo hutambua upungufu wa oksijeni na kutoa homoni inayoamuru uboho wa mifupa kutengeneza chembe nyekundu za damu zaidi. Lakini chembe hizo hutengenezwa kwa madini ya chuma. Mlima unaagiza tu. Chakula ndicho kinacholeta. Na katika nchi yetu wako wezi wawili wa damu ambao hawaonekani katika vitabu vya mazoezi vilivyoandikwa Ulaya: vimelea vya malaria, ambavyo huzipasua chembe nyekundu kutoka ndani, na minyoo ya safura, ambayo hunyonya damu tumboni. Mtoto aliyetoka kuugua malaria na kurudishwa uwanjani baada ya siku mbili hana damu ya kubeba oksijeni. Na aliye bado na homa, mbio kali zaweza kumdhuru hata misuli ya moyo. Wazee watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, wananchi walipokusanyika kuzunguka redio kujifunza habari za malaria, vyoo na minyoo. Ile ilikuwa elimu ya mwanariadha, ingawa haikuitwa hivyo.

Kuna jambo la wasichana ambalo walimu wanaume tunalikwepa kwa kisingizio cha heshima. Msichana anayekimbizwa sana na kulishwa kidogo anaweza kukosa hedhi kwa miezi, na wako makocha wanaodhani hiyo ni dalili kwamba amekomaa kimichezo. Ni dalili kwamba mwili umefunga duka. Mifupa yake inadhoofika katika miaka ile ile ambayo ilipaswa kujiwekea akiba ya maisha yote. Wataalamu wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki walilitolea tamko mwaka 2014. Kila shule yenye timu ya wasichana na iwe na mwalimu mwanamke ambaye msichana anaweza kumwambia, na ambaye neno lake linaweza kumsimamisha kocha.

Nitaambiwa: sayansi ni ya matajiri, sisi hatuna maabara. Hii ndiyo hoja inayonichosha kuliko zote, kwa sababu inatoka katika vinywa vya watu wenye saa mkononi. Kijana na ahesabu mapigo yake kila asubuhi kabla hajainuka kitandani, ayaandike katika daftari la mistari, pamoja na neno moja juu ya usingizi wake. Yakizidi kawaida yake kwa mapigo manane au kumi siku mbili tatu mfululizo, na usingizi umekuwa mbaya, na hamu ya kula imepotea, huyo ana ugonjwa unaokuja au amezidiwa na mazoezi. Kipimo hiki hakitoi hukumu ya mwisho, lakini kinamlazimu mwalimu kuuliza. Chai ya rangi isinywewe pamoja na maharage, kwa kuwa huzuia madini ya chuma yaliyomo. Ingoje saa moja au mbili, na mahali pake liwekwe chungwa, ambalo huyasaidia. Chandarua kiwe kizima. Hayo yote yanahitaji maabara gani?

Na usingizi. Wataalamu wa usingizi wanataka kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10. Katika mabweni mengi taa huzimwa saa nne usiku na kengele hulia saa kumi alfajiri. Hizo ni saa sita. Sehemu kubwa ya homoni ya ukuaji hutolewa katika usingizi mzito, nasi tunamwamsha mtoto, tunamkimbiza, tunampeleka darasani, tunampeleka shambani, tunamkimbiza tena jioni, kisha tunashangaa mwezi wa tano anapoporomoka.

Ajabu ni kwamba utamaduni wetu haukuwa mjinga katika jambo hili. Mkulima wa jembe la mkono alijua kuliacha shamba lipumzike misimu kadhaa, na hakuna jirani aliyeliita shamba lile vivu. Mvuvi wa pwani anajua siku za bamvua na siku za maji mafu, na siku nyingine hukaa akishona nyavu. Tunapenda kuwaambia wanafunzi kwamba mchumia juani hulia kivulini, na tunautilia mkazo ule upande wa jua. Methali ina pande mbili. Kivuli kimetajwa ndani yake, na ndipo mtu anapokula.

Tarehe 15 Septemba 2025 mjini Tokyo, Alphonce Simbu alilipatia taifa hili medali ya kwanza ya dhahabu ya Mashindano ya Dunia ya Riadha, baada ya kukimbia marathoni saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Amanal Petros wa Ujerumani alipewa muda ule ule. Waliotengana ni mia tatu tu za sekunde, yaani sekunde 0.03, baada ya kilomita 42. Miaka 37 kabla yake, Boston 1988, Juma Ikangaa alikuwa wa pili nyuma ya Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja. Utafiti mwingi uliojumlishwa mwaka 2007 unaonyesha kwamba mwanariadha aliyeandaliwa vizuri akipunguziwa wingi wa mazoezi kwa nusu hivi katika wiki mbili za mwisho, huku kasi ikibaki pale pale, hushindana vizuri zaidi kuliko yule aliyekimbizwa mpaka siku ya mwisho. Katika shule zetu wiki mbili hizo ndizo za kambi, na kambi maana yake ni kuongeza.

Ndiyo maana naanza na dai dogo, lisilohitaji fedha wala mfadhili, kwa wale wanaopanga ratiba za michezo ya shule wilayani na mikoani. Mtoto mmoja asiandikishwe tena mita 1500, mita 5000 na mita 10,000 ndani ya siku tatu kwa sababu tu shule yake haina mwingine anayeweza kuleta pointi. Achague mbio mbili, na kati yake iwepo siku nzima tupu. Siku hiyo asiitwe hata kubeba maji.